Polepole na Wenye Nyumba wa Jicho

Nyie watu mnanichosha. Juzi mmeizungusha ile video simu kwa simu mpaka ikanifikia mara nne, kutoka kwa watu wanne ambao hawajuani, kila mmoja ameibandikia vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Mama wa makamo, koti jeupe, raba miguuni, anapanda ngazi za hospitali ya macho na kisanduku mikononi. Anapanda kama mwizi anayekanyaga bati. Ngazi moja, anatulia. Ya pili, anatulia. Nyuma yake watu wamesongamana. Halafu ile sauti ya kijana: "Mama, tembea basi! Umebeba mayai?" Mwingine anadakia: "Mwache, anaogopa yataanguliwa njiani!" Mkacheka.

Hakuna hata mmoja wenu aliyeuliza kwenye kile kisanduku kuna nini.

Mimi niliuliza. Nikaambiwa, sikuelewa, nikaenda kusoma kwa kung'ang'ana, nikarudi kuuliza tena. Humo kuna ngozi ya jicho la mtu. Mbichi, hai, nyembamba kuliko karatasi ya peremende, imeoteshwa kwenye kisahani. Ukiitikisa inajikunja. Ikijikunja, yule aliyelazwa juu akisubiri anarudi nyumbani na giza lake. Sasa kaeni chini niwaambie mliyemcheka ni nani.

Hospitali nzima wanamwita Polepole. Jina alipewa na muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, siku alipochoka kusubiri mlangoni: "Leo mgonjwa atazeeka mezani, Polepole hajafika!" Lilikuwa jina la kejeli. Mwenyewe akalipenda, akaliandika kwa kalamu nene kwenye kikombe chake cha chai. Ndivyo alivyo. Ukimtukana, analijaribu kwanza tusi kama linamkaa. Likimkaa, analivaa.

Chumba chake kiko chini kabisa, jirani na dobi ya hospitali, pale ukuta unapotoa joto la mashine za kukaushia mashuka. Ukiingia unavua viatu vyako unavaa vya mle ndani. Manukato marufuku, saa marufuku, pete marufuku. Ya ndoa yake anaivaa shingoni kwa uzi. Kuna meza ya kioo inayopuliza hewa safi, kuna hadubini mbili, kuna friji inayokoroma kama babu aliyeshiba, na kuna kabati la joto. Ndani ya kabati ni vuguvugu la mwili wa mtu, saa zote, bila kupanda wala kushuka. Humo ndimo zinamokaa seli za wagonjwa, kwenye visahani vyenye maji ya lishe.

Na kabla hajalifungua kabati hilo, Polepole anasimama mbele yake na kusema, "Hodi."

Kila mara. Wageni wanatazamana. Uchawi hakuna. Katika ule upenyo kati ya hodi na mkono kushika kitasa, anakagua glovu, anakagua mikono ya koti, anatafuta unywele uliochomoza, anaangalia kama akili yake iko pale au imebaki sokoni. "Nikisema hodi nikajikuta nina hasira, sifungui," anasema. "Naenda kunywa maji kwanza. Hasira inatetemesha mkono."

Hakuzaliwa akijua hayo. Alianza kwenye maabara ya kawaida, miaka na miaka ya kupima mkojo na choo, kazi ambayo huwezi kuielezea mezani watu wakiwa wanakula. Akaipenda hata hiyo. Hospitali ya macho ilipotafuta mtu wa kwenda kujifunza kuotesha seli, wenzake walikwepa, kwa sababu ni kazi isiyo na Jumapili; seli hazijui mapumziko. Yeye akanyoosha mkono. Alirudi na ujuzi, akapanda visahani vyake vya kwanza, vikafa vyote kama kuku wa kideri. Akapanda tena. Vikafa. Aliyevumilia akala mbivu, wanasema, ila hawasemi alikula mbichi ngapi kabla.

Sasa somo. Nalieleza mara moja tu, asiyetaka aruke, lakini asije kunisumbua chini kwenye maoni.

Uso wa jicho lako una ngozi. Ni safi kama maji ndiyo maana huioni, lakini ni ngozi. Na kama ngozi ya mkono, ya ndani ya shavu, ya utumbo, inachakaa na kudondoka kila leo. Ile uliyokuwa nayo miezi michache nyuma imeshaondoka na machozi yako. Nani anaweka nyingine? Pale weusi wa jicho unapopakana na weupe, kwenye ule mviringo, zimejificha seli chache zinazoitwa seli shina. Polepole anaziita wenye nyumba. Mwenye nyumba akigawanyika, mtoto mmoja anabaki nyumbani awe kama mzazi wake, mwingine anatoka kwenda katikati ya jicho. Huyo anayetoka ndiye mpangaji. Mpangaji ana kelele, anazaa haraka, anajaza uwanja, lakini zamu yake fupi. Anagawanyika mara kadhaa, anachoka, anadondoka. Bila wapangaji huna ngozi leo. Bila wenye nyumba huna ngozi kesho.

Nani anaamua huyu abaki, yule aende? Jeni. Ziko kadhaa zinavutana humo ndani, hii inasema kaa, ile inasema nenda, lakini ipo moja wataalamu waliyoipa jina kama namba ya mlango: p63. Ikifanya kazi kwa nguvu ndani ya seli, seli haisahau kujifanya upya. Ikififia, seli imeshafunga virago, hata kama kwa nje unaiona kijana. Hiyo ndiyo hati ya nyumba. Na hati huijui kwa kumtazama mtu usoni, lazima aitoe. Ndiyo maana Polepole anachukua seli kidogo kutoka kila kisahani, anazipaka rangi inayoshika p63 peke yake, anazima taa, anaangalia kwenye hadubini nani anang'aa. Kanuni ya chumba kile ni moja, waliiweka yeye na daktari mpasuaji pamoja: paka rangi kabla hujafungua mdomo.

Ishike hiyo kanuni. Aliivunja.

Mume wa Polepole ana mdogo wake, fundi wa plasta. Mafundi wenzake walimwita Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umesimama wima. Yeye alikuwa anatupa jicho tu. "Umelala kulia, juu pale," anasema, wanateremsha kamba, kweli umelala. "Kamba ni ya kuwapoza wateja," alikuwa anajigamba, na majigambo yalimkaa, kwa sababu kuta zake ukizipapasa unadhani umeshika shavu la mtoto.

Yeye na Polepole walikuwa na utani wa mashemeji tangu siku ya harusi. Akija nyumbani hata hajakaa: "Shem, ile chai uliyoniahidi siku mnaoana, imeshachemka?"

"Maji ndiyo nimekwenda kuchota, shem. Kaa, wajukuu zako watakunywa."

Halafu siku moja, kazini, alifunua pipa la chokaa. Kuna mtu alikuwa ameongeza maji kwenye chokaa mbichi bila kusema. Chokaa mbichi ikikutana na maji inachemka kama uji. Ikamrukia. Jicho la kushoto alilifumba kwa wakati. La kulia likachelewa.

Chokaa ikiingia jichoni haichomi tu ikaacha. Inaendelea kula. Ule mviringo wote wa wenye nyumba ukateketea, na jicho lisilo na wenye nyumba ni kiwanja cha wazi: ngozi ya weupe, ile nene yenye mishipa, ikatambaa ikafunika kioo cha jicho. Baada ya miezi jicho la Timazi likawa kama dirisha la bafu. Mwanga anauona. Mtu hamwoni.

Mtasema ana jingine. Haya, fumba moja ujaribu kutia uzi kwenye sindano. Fundi plasta anarusha udongo kwa mwiko, unashika ukutani. Wa kwake ukaanza kuangukia miguuni. Siku moja kwenye jukwaa la mbao, ghorofa ya tatu, alikanyaga ubao ambao haukuwepo. Mwenzake akamdaka mkanda. Msimamizi wa ujenzi alimteremsha siku hiyohiyo, akampa chekeche. Timazi yule, anachekecha mchanga chini, huku vijana aliowafundisha mwenyewe wako juu wanapiga kuta zinazoegemea.

Jioni moja akaja nyumbani kwa kaka yake. Akakaa. Hakuuliza chai. Polepole akajua kabla hajasikia.

"Shem," Timazi akasema, "nasikia unaotesha macho ya watu."

"Ngozi yake. Macho anaotesha Mungu."

"Basi nioteshee ngozi. Sitaki kufa na chekeche mkononi."

Daktari mpasuaji wa hospitali ile wanamwita Mkasi. Ni mwanamume mrefu mwenye maneno machache, na mikono yake ni ya kushonea nyuzi usizoziona. Alimkagua Timazi muda mrefu. Kovu la ndani halikuwa zito, akasema, tatizo ni ngozi ya juu. Wangechukua kipande kidogo, kama punje ya mchele, kutoka kwenye mviringo wa jicho zima, Polepole akioteshe, kisha waliparue lile bovu na kupandikiza. "Lakini jicho zima siligusi mara mbili," akaongeza. "Ndilo analotembelea. Kipande ni kimoja."

Walipobaki wawili akamuuliza Polepole, "Ni mtu wako. Utaweza?"

"Seli hazijui undugu."

"Siulizi seli. Nakuuliza wewe."

Akasema ataweza. Na alikuwa anaamini.

Kile kipande alikikata viwili, akapanda visahani viwili, kwa sababu mayai yote hayawekwi kikapu kimoja. Kisahani cha kwanza kikaanza mbio. Kila asubuhi, hodi, anafungua, kimepanuka, seli zimebanana kama vigae vya jikoni, zinapendeza. Cha pili kilikuwa kimekaa. Vikundi vidogo vya seli ndogo, za mviringo, zimeinama zenyewe kwa zenyewe kama watu wanaonong'ona msibani. Hazina habari na mtu.

Na nje watu wana haraka. Mama mkwe alikuwa anapiga simu kila siku. "Mwanangu, lile jicho limeiva?"

"Bado, mama."

"Si uliongeze moto kidogo?"

"Mama, ni kabati, siyo jiko."

Timazi naye, roho ilianza kumrudi, na roho ikirudi utani unarudi: "Shem, hata kuku anaatamia haraka kuliko wewe. Na yeye hana diploma!"

Kisahani cha kwanza kikajaa. Kilijaa pembe mpaka pembe. Kilikuwa kizuri, jamani, kizuri kuliko vyote alivyowahi kuotesha, na ni cha shemeji yake, na simu ikaita, na mama mkwe akauliza, "Vipi mwanangu?" Na yeye, ambaye hajapaka rangi, mtu mwenye kanuni yake ukutani, akasema, "Mama, kimejaa. Kimependeza ajabu."

Hilo ndilo kosa. Mtu mwingine hawezi hata kulifanya, kwa sababu hana kisahani cha kukionea fahari. Jioni ile ukoo mzima ulijua. Mkasi alipanga upasuaji Alhamisi, kwa sharti kwamba rangi iseme kwanza. Lakini sharti halikufika nyumbani. Nyumbani kilifika "kimejaa".

Alhamisi asubuhi, mama mkwe kavaa kitenge cha kutokea, amekaa kwenye benchi la ukumbini. Timazi kashavishwa gauni la kijani linalofungwa mgongoni, hajala tangu jana, anawachekesha wagonjwa wenzake. Chini, jirani na dobi, Polepole akazima taa na kuinamia hadubini.

Sampuli ya kisahani kilichojaa ilikuwa giza. Akasogeza. Giza. Pembeni huko, mwanga mmoja, hafifu, kama taa ya mtu anayejiandaa kulala. Uwanja mzima ulikuwa wapangaji. Kisu chake kilipogawanya punje ile, nusu hii ilikuwa imetoka upande wa katikati ya jicho, ambako waliokwishafunga virago ndio wengi. Walikimbia kwa sababu hawakuwa na cha kukaa.

Akaweka sampuli ya cha pili. Vile vikundi vyenye kunong'ona. Viling'aa kijani, seli kwa seli, kama mji ambao umeme umerudi ghafla. Wenye nyumba wote walikuwa humu, wamekaa, hawajajaza hata theluthi ya kisahani.

Alimwita Mkasi. Mkasi akaangalia cha kwanza, akaangalia cha pili, akarudia cha kwanza. Akavua kofia yake ya upasuaji akaikunja.

"Hiki ukinipa nikikipandikiza, kitashika," akasema.

"Kitashika. Ataona. Atapanda jukwaani, atafurahi, mama atafanya karamu. Halafu wapangaji watachoka, na nyuma yao hakuna mtu. Jicho litafunga tena."

"Na hiki kingine bado hakitoshi. Kikiingia ukungu kesho? Kikikataa tu? Cha kwanza kitakuwa kimeshaharibika, hakingojei. Utakuwa umebaki mikono mitupu, na mimi sichukui kipande kingine."

"Najua."

"Nitakuunga mkono. Lakini kule ukumbini nani atakwenda kuwaambia?"

"Aliyewaambia kimejaa ni mimi," akasema Polepole. Akavua glovu.

Mwendo wa kwenda ukumbini, muuguzi yule wa mdomo usio na breki anasema, ndiyo mara pekee aliyomwona Polepole akitembea haraka.

Timazi alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akashika upindo wa gauni lake. "Shem. Umenivalisha gauni, umeninyima chai, sasa unaniambia nivue?"

"Uvue, shem."

"Si ulisema kimejaa!"

"Nilisema kabla sijapima. Nilikosea. Kimejaa watu wa kupita. Leo ungeona, kesho kutwa ungerudi gizani."

Mama mkwe akasimama. "Umetuaibisha. Nimewaambia watu mwanangu anafunguliwa jicho leo. Nikawaambie nini, kwamba mke wa mwanangu kabadilisha mawazo?"

"Waambie mke wa mwanao ni mwoga, mama. Bora niwe mwoga leo."

Timazi alikuwa amegeukia ukuta wa ukumbi. Plasta yake ilikuwa imepasukapasuka, mistari kama ya mkono wa mzee. Akaigusa kwa kidole. "Hii iliachwa ikauke na jua," akasema, kama anajisemea. "Hawakuimwagia maji. Walikuwa na haraka." Akamgeukia Polepole. "Lakini shem, mimi siyo ukuta. Ukuta ukikosea unabomoa unapiga tena."

"Ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

"Na hicho kidogo kikifa?"

Hakumdanganya. "Kikifa, hatuna kingine."

Akamwangalia kwa jicho lake moja, muda mrefu, jinsi alivyokuwa akiangalia kuta. Kisha akaanza kuhangaika na vifungo vya mgongoni. "Nifungulie basi. Na uniletee hiyo chai. Leo hutatoroka."

Siku zilizofuata sitawapamba. Hapakuwa na muujiza. Palikuwa na hodi ya asubuhi na hodi ya jioni, maji ya lishe kubadilishwa, mlango kufungwa kwa komeo hata kwa mfagizi. Simu za mama mkwe zilikatika, salamu zikawa fupi kama za majirani waliogombania mpaka. Nyumbani mume wake aliuliza mara moja tu, "Zinaendeleaje?" Akajibiwa, "Usiniulize mpaka nipake rangi." Mwanamume akaelewa, akaenda kuosha vyombo. Kuna asubuhi moja Polepole alisema hodi mbele ya kabati, akajikuta akili iko kwa mama mkwe, akaenda kunywa maji. Akarudi, hodi, bado. Akaenda tena. Mara ya tatu ndipo akafungua.

Wenye nyumba waliamka kwa wakati wao. Vikundi vikanyoosha miguu, vikakutana, vikashikana. Kikajaa bila fujo. Naye safari hii hakusema kitu kwa mtu yeyote, hata kwa mume, mpaka alipopaka rangi, akazima taa, akaona zile seli zinazong'aa bado zipo, zimetawanyika katikati ya wapangaji wao kama inavyotakiwa, wazazi na watoto nyumba moja. Ndipo akampigia Mkasi. Neno moja: "Wapo."

Akapanda ngazi. Lifti ya hospitali ile inashtuka ikianza na inashtuka ikisimama, ndiyo sababu hapandi lifti, kama kuna aliyekuwa anajiuliza. Ngazi moja, anatulia, anasubiri maji ndani ya kisahani yatulie. Ya pili. Watu walikuwa nyuma yake hata siku ile. Lakini juu, mlangoni, alikuwa amesimama yule muuguzi aliyempa jina, na alipoona foleni imeanza kusonya akapaza ule mdomo wake: "Pisheni ukutani! Polepole anapita!" Lilikuwa jina lilelile, lakini sikilizeni alivyolitamka. Alilitamka kama cheo.

Mkasi alipandikiza. Jicho likafungwa bandeji, likafunguliwa, likawa jekundu, likatulia. Kwanza Timazi aliona umbo la dirisha. Baadaye fremu zake. Baadaye akaona kwamba fremu moja imelala kushoto, akawaambia wauguzi, hawakumwamini, wakapima, kweli imelala. Jicho halikurudi lote, nawaambia ukweli. Maandishi madogo bado anayasogeza. Lakini kina, ule uwezo wa kujua kitu kiko mbali kiasi gani, kilirudi. Siku aliyorusha udongo wa kwanza ukashika ukutani, alirusha wa pili haraka, kuhakikisha wa kwanza haukuwa bahati.

Chekeche alilitundika kwake sebuleni. Ukienda utaliona.

Sasa ni mwaka wa nne. Hesabu mwenyewe. Ile ngozi aliyoibeba Polepole kwenye kisanduku haipo tena, ilishadondoka na machozi zamani. Iliyopo leo ni uzao wa uzao wa uzao, na bado wenye nyumba wamekaa mviringoni, hati mkononi, wanaweka mpya kila siku bila kuambiwa. Kisahani kile cha haraka kingekuwa kimekwisha na kusahaulika. Ninyi mliocheka mwendo, ndio huo mwendo.

Mwaka huu hospitali ilitaka kurekebisha kuta za ukumbi, zile zilizopasuka. Nadhani mnajua fundi alikuwa nani. Alipiga plasta ukumbi mzima, akaumwagia maji asubuhi na jioni, akamfukuza kila aliyeuliza utakauka lini. Alipomaliza akashuka mpaka chumba kile cha jirani na dobi, akavua buti, akanawa mpaka viwiko, akavaa viatu vya mle ndani.

"Shem, nataka kuwaona."

"Wa kwako wako jichoni kwako. Hawa ni wa mtu mwingine."

"Si wote ni wenye nyumba? Nisalimie tu."

Mama mkwe alikuwa naye, kasimama nje ya mlango, amebeba chupa ya chai. Alikuwa ameileta kwa mkwewe kutoka nyumbani, amepanda magari mawili. Hakuomba radhi, wazee wetu hawaombi; alisema tu, "Ni ya moto, mwanangu. Unywe taratibu."

Polepole akaweka sampuli iliyopakwa rangi kwenye hadubini, akazima taa. Timazi akainama. Alianza kuweka jicho la kushoto, lile lililokuwa zima siku zote. Akasita. Akabadilisha. Akaweka la kulia.

Hakuinuka mpaka friji ikamaliza kukoroma na kuanza tena. Zile taa ndogo za kijani zilikuwa mbele ya jicho ambalo lenyewe linaishi kwa taa kama hizo.

"Hodi," akasema.

Na Polepole, ambaye hajawahi kuitikia hodi kwa niaba ya kabati lake hata siku moja, akaitikia: "Karibu, shem."

Sasa nina ombi moja, na silirudii. Ukiwa hospitali ya macho, una haraka zako, umekuta mama amebeba kisanduku cheupe kwa mikono miwili, anapanda ngazi moja anatulia, simu iache mfukoni. Usimsemeshe. Usimsalimie hata, salamu inatikisa. Egemea ukutani, ubane tumbo, mpishe.